Chanjo Kwanza, Bledi Baadaye: Tulivyojifunza Msumeno wa Mtumba



Huenda mtashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia msumeno. Mmezoea kusoma hapa habari za malaria, kichocho, lishe ya watoto na kliniki ya wajawazito. Lakini mimi ni muuguzi wa hospitali ya misheni, na kwa miaka mingi nimefanya kazi katika chumba cha kufungia vidonda. Humo nimeosha mikono ya maseremala wa Nyakato, waunda mitumbwi wa Mwaloni, na vijana wanaojifunza kazi kwa kuangalia tu. Sasa msumeno umeingia nyumbani kwangu mwenyewe, nao umenifundisha somo ambalo nilidhani nalijua.

MASHINE ILIVYOTUFIKIA

Mume wangu amekwisha kustaafu, nami muda wangu umekaribia. Tulitafuta kazi ya mikono ambayo mtu mzima anaweza kuifanya kivulini. Wakati huohuo nilikuwa nikiwaona watoto wodini, mguu umefungwa uzito kwa sababu ya kuvunjika, wamelala wiki nyingi wakihesabu mabati ya dari. Nikawaza kuwatengenezea michezo ya mbao: samaki, ng'ombe au mtumbwi uliokatwa vipande, ambavyo mtoto huvipanga mpaka umbo likamilike. Zamu yangu ya kikoba ilipofika, tulinunua mashine ndogo ya mtumba mjini Mwanza.

Kwa wasioijua, ni msumeno wa umeme wa kukatia maumbo na nakshi. Hukaa juu ya meza. Una mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini, na kati yake umenyooshwa wembe mwembamba wenye meno ambao mafundi huuita bledi. Bledi ina urefu wa inchi 5 hivi, na upana wake haupiti sana wa kijiti cha kiberiti. Hupanda na kushuka mara mamia kadhaa kwa dakika. Msumeno hausogei, unayeusogeza ni ubao, kwa mikono yako miwili. Kwa hiyo unaweza kukata kona kali, hata jicho la samaki.

Kununua zana iliyotumika si aibu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha neno kujitegemea, na mwaka 1979 huko Uingereza kilianzishwa chama cha Tools for Self Reliance, jina lenye maana ya zana za kujitegemea. Chama hicho kilikusanya zana zilizoachwa, kikazikarabati na kuzipeleka kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi zilizopokea. Zana nzuri hudumu kuliko mwenyewe. Tatizo ni kwamba zana ya mtumba ya sokoni mara nyingi huja bila kitabu cha maelekezo, bila vikingio vyake, na bila mtu anayeijua. Pengo hilo hulipwa na mwili wa mnunuzi.

IKAGUE KABLA YA KULIPA

Kwanza, soma kibati kilichobandikwa kwenye mota. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Mashine zilizotoka Marekani mara nyingi ni za volti 110 au 120. Ukizichomeka moja kwa moja ukutani zitaungua, na zinaweza kuwasha moto. Hata Uingereza vifaa vya ujenzi hutumia volti 110, na plagi zake kwa kawaida ni za njano. Ukiona plagi ya namna hiyo, uliza kabla ya kutoa fedha.

Pili, pitisha mkono kwenye waya wote wakati haujachomekwa. Waya uliochubuka, uliofungwa gundi au uliounganishwa njiani ubadilishwe na fundi umeme. Mashine yenye mwili wa chuma na plagi ya miguu mitatu ni lazima iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi.

Tatu, shika mkono wa juu uutikise kulia na kushoto. Ukicheza sana, beringi zimekwisha. Nne, tazama skrubu zinazobana bledi kama bado zina meno. Tano, uliza ni bledi ya aina gani: zipo zenye kipini kidogo kila ncha na zipo zilizo tupu. Mashine isiyopatikana bledi zake ni pambo la sebuleni. Mwisho, muuzaji aiwashe mbele yako, nawe usikilize. Mngurumo wa kawaida ni sawa; mgongano wa chuma kwa chuma si sawa.

Yetu ilipita mtihani huo, lakini tulipoiweka juu ya meza ya chakula ilitetema kama mashine ya kusaga. Fundi seremala mmoja jirani alikuja kutusaidia. Yeye pia hakuwahi kutumia mashine ya aina hii, ila mbao anazifahamu tangu utoto. Aliifunga kwa bolti kwenye benchi zito, akaweka vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu yake, na kelele ikapungua. Kutu ya mezani tuliiondoa kwa msasa laini, kisha tukapaka nta ya mshumaa ili ubao uteleze.

WIKI ZA MWANZO

Mambo tuliyojifunza kwa taabu nayaandika hapa ili ninyi myapate bila taabu.

Kabla ya kugusa bledi, chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Funga bledi ili meno yake yatazame mbele na chini. Yakitazama juu, msumeno utaunyanyua ubao na kuupigapiga mezani. Kisha kaza, uiguse bledi kwa kidole kama uzi wa zeze. Ikilia kwa sauti nyembamba, imekaza vizuri. Ikitoa sauti nzito ya kulegea, itapinda na kukatika.

Shusha mguu mdogo wa chuma unaoushikilia ubao, uguse kwa wepesi juu ya ubao wenyewe. Hakikisha meza imesimama sawasawa na bledi kwa kutumia gunia la seremala, yaani pembe mraba. Ziache mashine na bledi zikimbie dakika moja bila ubao, usikilize.

Anza na vipande visivyo na thamani. Chora mstari ulionyooka, ufuate. Utagundua kwamba bledi hupenda kwenda upande mmoja kidogo, kwa hiyo ubao unausukuma kwa mshazari kidogo mpaka mstari ukutii. Usimlaumu mtu, ndivyo bledi zilivyo. Baada ya mistari, chora mawimbi, kisha duara. Kwenye kona usisukume mbele. Simama, uuzungushe ubao polepole kuizunguka bledi, ndipo uendelee. Ukitaka kukata tundu la ndani, toboa kwanza kwa keekee, chomoa plagi, fungua bledi upande mmoja, uipitishe tunduni na kuifunga tena.

Juma la kwanza nilivunja bledi sita. Nilikuwa nasukuma ubao kama mtu anayewahi kivuko cha Busisi enzi zile kabla ya daraja. Fundi wetu alinitazama akasema, "Mama, huyu si mgonjwa wa dharura. Hatakufa ukimsubiri." Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Msumeno hukata kwa kasi yake wenyewe. Ukiulazimisha, bledi hupinda, huchemka, hukatika, na mkono uliokuwa ukisukuma kwa nguvu huteleza mbele.

Vidole vyako vikae pembeni mwa njia ya bledi, kamwe visikae mbele yake. Kipande kidogo kuliko kiganja usikikate peke yake. Kata umbo dogo wakati bado liko ndani ya ubao mkubwa. Kina mama, kanga na kitenge kinachoning'inia vifungwe vizuri, nywele zifunikwe, na bangili, saa na rozari ya shingoni viwekwe kando. Watoto wasiwe karibu.

Jambo jingine linatuhusu sana sisi. Umeme ukikatika ghafla, zima swichi na uchomoe plagi hapohapo. Wengi huondoka kwenda kunywa chai huku swichi iko wazi. Umeme hurudi bila kubisha hodi, na mashine huanza yenyewe wakati mtoto amesimama hapo akiichezea.

VUMBI NA MACHO

Msumeno huu hutoa unga laini sana. Unga huo ndio mbaya zaidi, kwa maana huingia ndani kabisa ya mapafu. Vumbi la mvule na la mninga linajulikana kwa kuwasha pua, macho na ngozi, na linaweza kuamsha pumu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa vumbi la mbao ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na nafasi zinazoizunguka. Hatari hiyo huwapata zaidi wale wanaolivuta kwa miaka mingi, lakini tabia njema huanza siku ya kwanza.

Fanyeni kazi nje au penye dirisha pande mbili, upepo wa ziwa ukitoka mgongoni mwenu. Vaeni barakoa inayoshika vizuri usoni. Kitambaa kilichofungwa ovyo husaidia kidogo tu. Nyunyizeni maji kidogo kabla ya kufagia. Ogeni na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, hasa mwenye pumu.

Miwani ya kazi ivaliwe kila mara, kwa sababu bledi inapokatika kipande chake kinaweza kuruka. Kitu kikiingia jichoni usilifikiche, wala usitie maziwa, mate au dawa ya majani. Suuza kwa maji safi mengi. Kama maumivu yanabaki, au kama kitu kimechoma jicho lenyewe, usijaribu kukitoa. Lifunike bila kulikandamiza na mwende hospitali siku hiyohiyo.

KIDOLE CHA BABA WATOTO

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Jumamosi moja jioni mume wangu aliingia jikoni akinyonya kidole gumba. Nilimuuliza kuna nini. "Hakuna kitu, mama watoto. Kimenichoma kidogo." Kipande cha bledi iliyovunjika, kilichoachwa kwenye vumbi la benchi, kilikuwa kimemdunga alipokuwa akifuta kwa mkono. Tundu lilikuwa dogo kama la kuumwa na siafu. Damu ilikuwa imekwisha kukauka.

Kwa mazoea ya kazi nikamuuliza, "Sindano ya pepopunda ulichomwa lini?"

Akafikiri. Akasema, "Mimi? Sijawahi."

Nilikaa chini. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewauliza swali hilo watu nisiowajua, usiku na mchana. Mume wangu niliyeishi naye nyumba moja, nikala naye sahani moja, sikuwahi kumuuliza hata mara moja. Mimi mwenyewe nilichanjwa kliniki kila nilipobeba mimba, kadi zangu ninazo. Yeye hajawahi kubeba mimba, kwa hiyo hakuna aliyemwita.

Tazameni hesabu hii, ndugu wasomaji. Mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto ulianza hapa Tanzania mwaka 1975. Mwanamume aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuchanjwa utotoni, na aliyechanjwa utotoni bila kuongezewa kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Wanawake wengi hupata chanjo hiyo kliniki ya wajawazito. Wanaume, ambao ndio wengi kwenye majembe, misumari, mitumbwi na misumeno, hupitwa. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Bugando hapa Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011, uliangalia wagonjwa 102 wa pepopunda waliolazwa katika miaka 10. Zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa wanaume. Zaidi ya 4 kati ya kila 10 walifariki.

Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, mavumbini na katika kinyesi cha wanyama. Hupenda kidonda chembamba chenye kina, kisichopata hewa, yaani kidonda kama kile cha baba watoto. Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na siku 21: taya hukaza, kumeza huwa kugumu, shingo na mgongo hukakamaa, kisha mwili mzima hujikunja kwa degedege la maumivu ambalo hata kelele au mwanga huliamsha. Mgonjwa huwa na akili zake timamu muda wote. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, na siku ile niliyaona yote juu ya uso wa mume wangu aliyekuwa akinicheka.

Tuliosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni, tukaenda hospitali usiku uleule. Kwa kuwa hakuwahi kuchanjwa, na kidonda kilikuwa cha kudungwa, daktari aliagiza chanjo pamoja na dawa ya kinga ya haraka. Kisha tukasubiri. Siku 21 nilikuwa nikitazama taya lake kila alipotafuna ugali. Yeye alidhani napima kama chumvi imekolea.

Hakuugua, tunamshukuru Mungu. Lakini jambo moja linanisuta mpaka leo. Hospitalini sindano iliyotumika naitupa ndani ya sanduku lake hapohapo, siiachi mezani hata dakika moja. Nyumbani niliacha bledi zilizovunjika zitapakae kwenye vumbi, kana kwamba chuma cha nyumbani hakichomi. Siku hizi tuna kopo la maziwa lenye mfuniko uliokatwa upenyo mwembamba. Kila bledi inayovunjika huingia humo, na benchi tunalisafisha kwa brashi, si kwa kiganja.

UKIJIKATA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fanya hivi:

1. Zima mashine na uchomoe plagi.

2. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usipake kahawa, majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno wala utando wa buibui.

3. Bana kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kufunuafunua, mkono ukiwa juu kuliko moyo.

4. Nenda kituo cha afya kama damu haikomi, kidonda kina kina, kidole hakikunjiki au kina ganzi, kuna kipande kimebaki ndani, au hukumbuki chanjo yako ya mwisho.

5. Kidonda kikivimba, kikipata joto na usaha, usisubiri kesho.

Mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa hupata dozi ya kwanza, ya pili baada ya angalau wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kwa kupishana angalau mwaka mmoja. Siku hizi chanjo hiyo hutolewa pamoja na kinga ya dondakoo. Hata aliyeugua pepopunda akapona ni lazima achanjwe, kwani kuugua hakuleti kinga. Tunzeni kadi.

Na kijana anayetaka kujifunza useremala kwa utaratibu aulize VETA au SIDO iliyo karibu naye. Mwalimu mmoja huokoa vidole vingi.

MWISHO

Mchezo wetu wa kwanza uliofaa kupelekwa wodini ni samaki aina ya sato, wa mbao ya paini, vipande saba. Hatukuupaka rangi, kwa sababu watoto hutia kila kitu kinywani na rangi nyingine zina madini ya risasi. Tuliulainisha kwa msasa mpaka usichome popote, na kila kipande ni kikubwa kiasi kwamba mtoto hawezi kukimeza. Mtoto mmoja mwenye uzito mguuni aliupanga, akaubomoa, akaupanga tena mpaka chakula cha jioni kikaletwa.

Samaki yule kwangu ana thamani ya bledi sita na siku ishirini na moja za wasiwasi. Ninyi si lazima mlipe hivyo. Leo jioni, mtakapokuwa mmekaa pamoja kwa chakula, kila mama amuulize baba, na kila mtoto mkubwa amuulize babu: "Sindano ya pepopunda ulichomwa lini?" Akikaa kimya akifikiri, jibu mmekwisha kulipata. Kesho asubuhi mpelekeni kituo cha afya. Msumeno unaweza kusubiri.